Saa inawaka kila nikishika kitambaa

SWALI: Kaka mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Manzese. Miezi mitatu iliyopita nilinunua saa janja Kariakoo, muuzaji akaniapia kwamba ukiichaji mara moja unakaa nayo wiki nzima. Naichaji usiku, asubuhi iko mia kwa mia, lakini adhana ya Magharibi inanikuta imeshazima. Nikikaa kwenye mashine kioo kinawaka, kinazima, kinawaka, kama taa za bodaboda. Usiku nikigeuka kitandani kinammulika baba watoto, analalamika. Mpwa wangu anasomea umeme chuoni, yeye anasema kile kidude cha kuhisi mkono ndicho kinachomaliza betri kwa sababu hakilali. Muuzaji nilipomrudia akaniambia nizime kabisa hiyo setingi. Mimi mwenyewe nahisi ni mtetemo wa cherehani. Nani mkweli hapo? Na nikizima, si nitakuwa kazi yangu kubonyeza tu?

JIBU: Dada yangu, habari ni njema, pole na kazi. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa saa na mkono nimeulaza mezani kama ninayeshona. Nikaushusha mkono pembeni, nikaurudisha mezani, kioo kikawaka. Kwa hiyo saa yako si mbovu. Inafanya kile ilichofundishwa, ila mtu waliyemfikiria wakati wa kuifundisha ni yule anayetembea barabarani mkono ukining'inia, wala hakuwa fundi cherehani.

Mpwa, muuzaji na wewe mwenyewe, kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, lakini mwizi hajakamatwa. Mwizi wa chaji ni kioo. Kihisi ni mlinzi anayemfungulia geti kila akisikia hodi, hata hodi ya mbuzi. Mlinzi mwenyewe mshahara wake ni mdogo sana, na hilo nitakuonyesha kwa hesabu.

Ukitaka kumfahamu huyo mlinzi, chukua simu yako kwanza, maana na yenyewe anaye. Mwambie mpwa akuwekee programu yoyote ya bure inayoonyesha vihisi vya simu. Utaona namba tatu zinachezacheza. Laza simu mezani chali: namba moja itakaa karibu na 9.8, nyingine mbili zitakuwa karibu na sifuri. Isimamishe wima kama picha ya ukutani: ile 9.8 inahamia kwenye namba nyingine. Isimamishe kwa ubavu, inahamia ya tatu. Simu haijatoka hapo mezani na bado inajua imekaaje. Hiyo 9.8 ni mvuto wa dunia, uleule unaoinyoosha timazi ya fundi mwashi.

Kifaa chenyewe kinaitwa akselerometa. Kwenye saa utahitaji lenzi kukiona: chipu nyeusi, nyingi zina ukubwa wa milimita 2 kwa 2 hivi, punje ya mchele inaipita urefu. Ndani yake kuna vipande vya silikoni vilivyochongwa kama vitana viwili vilivyoingiziana meno bila kugusana. Kitana kimoja kimekazwa, kingine kimening'inizwa kwenye springi. Saa ikiinama, kile kinachoning'inia kinasogea kidogo mno, nafasi kati ya meno inabadilika, na chipu inapima badiliko hilo kwa umeme. Basi. Hakuna kamera, hakuna anayekuona, hakuna kinachojua kwamba unatazama saa. Kuna vitana viwili na mvuto wa dunia.

Sasa tuhamie mkononi. Ukiwa umesimama, mkono wa kushoto umening'inia, ule upande wa saa wenye namba 3 unatazama chini, na mvuto wote unasomeka kwenye mstari unaotoka 9 kwenda 3. Ukiinua mkono kutazama saa, mkono unalala mbele ya kifua, kioo kinatazama juu, na upande wenye namba 6 unashuka kidogo kuelekea tumboni. Mvuto umehama: sasa unapita katikati ya kioo kwenda kwenye mgongo wa saa. Watengenezaji hutofautiana kwenye vipimo, lakini kanuni yao ni moja: kioo kilikuwa kinatazama kwingine, sasa kinatazama juu kuelekea usoni, na kimetulia hapo kwa kitambo kidogo. Masharti hayo yakitimia, hodi imepigwa.

Nikaenda kwa fundi anayenishonea, Mwananyamala, nikakaa kwenye benchi la wateja nikiuangalia mkono wake wa kushoto. Anavuta kitambaa kutoka mapajani. Mkono unashuka chini ya meza, vidole vinatazama sakafu. Anakipandisha, anakilaza kando ya sindano, kiganja kimelala juu ya kitambaa, mgongo wa mkono juu. Mkono unatulia pale, wa kulia unazungusha gurudumu, mashine inaanza. Mshono ukiisha, wa kushoto unashuka tena kuvuta kingine. Hakuwa amevaa saa, lakini nilikuwa nahesabu kimoyomoyo: hapo ingewaka, hapo ingewaka, na hapo. Mkono ulishuka, ukapanda, kioo kikatazama juu, ukatulia. Kwa akselerometa, fundi anayeshona kanzu na mtu anayetazama saa mara tatu kwa dakika ni mtu yuleyule.

Ndiyo maana mtetemo nauondolea lawama. Chipu hizi husoma mara nyingi kwa sekunde, mara 25, 50 au 100 kulingana na saa, kisha usomaji unachanganywa na kutolewa wastani ili visukumo vya harakaharaka vifutane. Sindano inapopiga juu na chini, mtetemo wake unakwenda huku na kurudi huku, wastani wake ni karibu na sifuri. Ungekuwa ni mtetemo, saa ingewaka mfululizo mashine inapokimbia. Iangalie kesho: nadhani utakuta inawaka unaporudisha mkono mezani, na ukishika mshono mrefu bila kuuondoa mkono inazima na kubaki imezima mpaka uushushe tena. Isipokuwa kwa jambo moja: kama saa yako ina ile setingi ya kuigonga mara mbili ili iwake, na kugonga huko kunasomwa na akselerometa badala ya kioo cha kugusa, hapo mtetemo unaweza kudhaniwa ni kugonga. Hiyo usiiwashe ukiwa kazini.

Sasa mpwa. Kijana ana hoja, na nadhani naijua imetoka wapi. Vyuoni wanafunzi wengi huanzia kwenye chipu moja iitwayo MPU-6050, ile inayokuja kwenye kibao kidogo cha bluu. Ndani yake kuna vihisi viwili. Kimoja ni akselerometa, ambayo kwa kawaida inakula mikroampea 500, yaani nusu miliampea (hivyo ni vipimo vya mkondo mdogo wa umeme). Cha pili ni jairoskopu, inayopima kasi ya kuzunguka, na hiyo inakula miliampea 3.6, zaidi ya mara saba. Tuseme betri ya saa yako ina uwezo wa mAh 300, yaani inaweza kutoa miliampea 1 kwa masaa 300. Jairoskopu peke yake, kila kitu kingine kikiwa kimezimwa, ingeimaliza kwa muda usiofika siku tatu na nusu. Hapo mpwa yuko sahihi kabisa: kidude kisicholala kinakula.

Lakini zipo akselerometa zilizotengenezwa makusudi kwa vifaa vya betri ndogo. ADXL362 ya kampuni ya Analog Devices inasoma mara 100 kwa sekunde kwa mikroampea 1.8. Gawa wewe mwenyewe: mAh 300 ileile ingeilisha chipu hiyo kwa miaka 19, kama betri yenyewe isingezeeka kabla. Wengine, kama Bosch Sensortec kwenye chipu yao ya BMA423, wameweka na akili humohumo ndani: chipu inahesabu hatua na kutambua mkono uliogeuzwa bila kuisumbua prosesa, ule ubongo wa saa. Prosesa inalala fofofo. Kutoka kwenye akselerometa kuna njia moja nyembamba ya shaba inayokwenda kwake, na masharti yakitimia akselerometa inapitisha ishara hapo, kama kuvuta kamba ya kengele. Prosesa inaamka, inawasha kioo, inaandika saa, inarudi kulala. Jairoskopu kwenye saa nyingi za bei ya chini haimo kabisa, na kwenye zile za bei mbaya huwashwa pale inapohitajika tu.

Tuje kwenye fedha, maana wewe ni mfanyabiashara na hesabu unaijua. Namba nitakazotumia ni za mfano, si za saa yako, lakini uwiano wake ndio ulivyo kwenye saa nyingi za aina hiyo.

Tuseme saa ikiwa imelala, inahesabu hatua na kushikilia bluetooth ya simu, inakula miliampea 1.5. Kwa siku nzima ya masaa 24 hiyo ni mAh 36. Kioo kikiwaka pamoja na prosesa, tuseme miliampea 60. Yaani dakika 1 ya kioo kuwaka inakula usingizi wa dakika 40. Mtu wa kawaida, tuseme mhasibu wa Posta, anatazama saa mara 60 kwa siku, kila mara sekunde 5. Jumla dakika 5 za mwanga, mAh 5. Ongeza 36 ya usingizi, unapata 41 kwa siku, na betri ya 300 inampeleka siku saba. Muuzaji hakukudanganya, ile wiki ipo, ila ni wiki ya mhasibu.

Sasa wewe. Unakaa kwenye mashine tangu saa 2 asubuhi mpaka saa 12 jioni, na mkono unapiga hodi mara tatu kwa dakika. Masaa 10 hayo ni mara 1,800. Kama muda wa kioo kujizima umewekwa sekunde 10, unapata sekunde 18,000, yaani masaa 5 ya mwanga. Masaa 5 mara miliampea 60 ni 300. Betri yote. Adhana ya Magharibi haijatoka.

Hapo utaona kitu ambacho matangazo ya saa hayakisemi. Watu hudhani faida ya kihisi ni kuwasha kioo bila kubonyeza. Hiyo ni starehe tu. Uchumi uko kwenye kuzima: kioo kinaweza kukaa giza siku nzima kwa sababu kuna kitu kinachokiangalizia, na mkono ukishuka, saa iliyotengenezwa vizuri inazima hapohapo bila kusubiri sekunde zake ziishe. Mhasibu anatazama, anashusha mkono, kioo kimezima ndani ya sekunde mbili. Wewe mkono haushuki upesi, umebaki na kitambaa, kwa hiyo kila mara unalipa sekunde zote kumi.

Shida hii ni ya zamani kuliko wengi wetu. Saa ya kwanza ya kielektroniki yenye namba za mwanga kuuzwa ilikuwa Pulsar, ya kampuni ya Hamilton ya Marekani, mwaka 1972. Namba zake nyekundu zilikula umeme kiasi kwamba zilikaa giza muda wote mpaka ubonyeze kitufe. Fikiria: saa ya dhahabu mkononi, na ukiwa na mzigo mkono wa pili hujui ni saa ngapi. Casio nao kwenye saa zao nyingi wameweka taa inayojiwasha ukiugeuza mkono: mkono ukiwa umelala sambamba na ardhi, ukiinamisha saa kuelekea usoni zaidi ya nyuzi 40, taa inawaka kwa sekunde chache. Apple Watch ya kwanza, mwaka 2015, kioo chake kilikaa cheusi mpaka uinue mkono, na ilipofika 2019 toleo lao la tano likaja na kioo kisichozima kabisa, kwa sababu walipata aina ya kioo kinachoweza kujichora upya mara moja tu kwa sekunde badala ya mara 60. Kwa saa ya bei yako kitu hicho hakimo. Ikiwa menyu inakupa kioo cha kuwaka muda wote, achana nayo.

Kwenye vitabu vya maelekezo vya Casio kuna onyo ambalo nimelikumbuka kwa ajili yako: usivae saa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kwa sababu taa itakuwa inawaka bila kuhitajika na kumaliza betri. Kwa mtu wa kawaida ni sawa kabisa. Lakini kwa fundi cherehani mambo yamegeuka. Wewe kiganja chako kiko chini siku nzima. Ukiizungusha saa ikakaa upande wa ndani, kioo kitakuwa kinatazama kitambaa, na mvuto utapita kinyume: kutoka mgongo wa saa kwenda kwenye kioo. Masharti ya hodi hayatimii hata ukipandisha na kushusha mkono mara elfu. Ukitaka kujua saa unageuza kiganja juu kama anayepokea sadaka, na inawaka, kwa sababu akselerometa haijui ndani wala nje ya mkono, inajua juu na chini.

Nimeijaribu nyumbani na imekubali. Kasoro zake nazitaja: kioo kinasugua kwenye chuma cha mashine, na pini zako zitakichora. Gundisha ile plastiki ya kukinga kioo, ya simu inaweza kukatwa, mkasi unao. Ikiwa saa inapima mapigo ya moyo kwa ile taa ya kijani mgongoni, usishangae vipimo vikiwa tofauti upande huo. Nayo taa hiyo ya kijani, kwa kuwa tumeigusa, kama imewekwa kupima mfululizo inakula chaji kweli. Iweke ipime kila baada ya nusu saa, au unapotaka wewe.

Kama kuigeuza saa hakukupendezi, fanya hivi. Ingia kwenye mipangilio ya saa, au programu yake ya kwenye simu, utafute palipoandikwa kuinua mkono ili kioo kiwake. Kwenye saa nyingi imeandikwa kwa Kiingereza, mpwa atakuonyesha. Usikimbilie kuizima, bonyeza ndani yake kwanza. Mara nyingi kuna ratiba: kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Angalizo hapa, maana nimeona watu wengi wakikosea: saa hizo zinahesabu kwa masaa 24 ya kizungu. Iwashe kuanzia 18:00, yaani saa 12 jioni unapofunga kibanda, mpaka 22:00, saa 4 usiku unapopanda kitandani. Nje ya hapo izime. Kazini utabonyeza kitufe, na usiku baba watoto atalala.

Uliuliza kama kazi yako itakuwa kubonyeza tu. Jiulize kwa siku unahitaji kweli kujua saa mara ngapi ukiwa kwenye mashine. Mteja kasema anapitia gauni saa tisa, unatazama labda mara kumi, mara ishirini. Mkono wa kulia uko palepale, kitufe kiko kwenye upande wa namba 3, si kazi. Zile mara 1,800 hukuwahi kuzitazama hata robo yake.

Muuzaji naye, ushauri wake unafanya kazi ila ni wa kivivu. Ukizima moja kwa moja utakuta jioni umeshika beseni, au umening'inia kwenye bomba la daladala mkono mmoja na mkoba mkono wa pili, na saa imekaa giza. Tumerudi 1972.

Kama saa haina ratiba, basi punguza sekunde. Kutoka 10 kwenda 5 peke yake kunashusha yale masaa 5 ya mwanga mpaka mawili na nusu. Ukijumlisha na usingizi, betri inakufikisha siku moja na nusu hivi. Bado si wiki, lakini Magharibi itakukuta hai, na Isha pia.

Kuna mlango mwingine ambao hukuutaja nami nautilia mashaka: ujumbe. Kwenye saa hizi kila ujumbe unaoingia kwenye simu unawasha kioo na kuzungusha kile kimota cha mtetemo, ambacho nacho hakili kidogo. Mtu wa Dar aliye kwenye vikundi vitatu vya WhatsApp vya michango ya harusi na kimoja cha kikoba anapokea meseji mpaka anachoka kusoma. Ruhusu simu za kawaida na meseji za wateja, vikundi vizime visifike kwenye saa. Ukitaka kujua nani kachanga utaona kwenye simu.

Mwangaza pia. Unasema kibanda, kama ni kibarazani penye mwanga wa nje, bila shaka ulipandisha mwangaza mpaka mwisho siku ya kwanza ili uone, ukausahau huko. Saa za bei ya chini nyingi hazina kihisi cha mwanga cha kuurekebisha zenyewe. Ushushe mpaka pale unaposoma namba bila kukunja uso, basi.

Kuhusu picha ya uso wa saa, wengi watakushauri uweke nyeusi. Inategemea kioo. Ingia chumbani usiku, zima taa, weka uso mweusi kabisa, uangalie pale kwenye weusi. Ukiona weusi wa kweli, kama kioo hakipo, hicho ni cha aina ya OLED: kila nukta inajiwakia yenyewe na nukta nyeusi haili kitu. Hapo uso mweusi unaokoa chaji. Ukiona weusi una ukungu wa kijivu unaong'aa, ni LCD, ina taa moja nyuma inayowaka yote hata kama unatazama nukta moja tu. Kwa hiyo hiyo, weka picha unayoipenda, hata ya watoto.

Na usiiache saa dirishani juani au karibu na pasi ya mkaa. Betri za lithiamu zinazeeshwa na joto, na joto la hapa kwetu Januari na Februari halihitaji kusaidiwa.

Ukisharekebisha, ichaji ijae usiku mmoja, kisha usiiguse chaja kesho yake. Saa 12 jioni tazama asilimia iliyobaki. Ikiwa imebaki zaidi ya 80, tumemkamata. Ikiwa imeshuka chini ya nusu hata baada ya kuzima setingi ya mkono saa za kazi, basi ama betri imechoka ama uwezo ulioandikwa kwenye boksi si uliomo ndani, jambo ambalo kwenye meza yangu ya kazi nimelikuta zaidi ya mara moja. Hapo mrudie muuzaji, na uende na hesabu hizi.

Mpwa mwambie nimemsalimu. Mwambie kwenye kile kibao chake cha bluu kuna pini ya mwisho imeandikwa INT. Nadhani hajaiunganisha, na programu yake inaiuliza akselerometa swali lilelile usiku na mchana bila kupumzika. Ndiyo kamba ya kengele hiyo. Aiunganishe kwenye prosesa, aizime jairoskopu, ailaze prosesa isubiri kengele, kisha apime mkondo tena kwa mita yake.